Kuogopa ziwa na kumtumaini Mungu: jibu kwa dada mwalimu aliyepangiwa Ukerewe

Dada mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Bandiko lako nimeliona tangu jana na majibu ya wadau nimeyapitia, nikasema ngoja nami niandike, litakuwa refu kidogo, mwenye haraka apite tu. Kwa ambao hawajasoma huko juu: dada yetu ni wa Dodoma, kapata ajira ya ualimu baada ya kusota mtaani, kapangiwa Ukerewe, kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, hajawahi kupanda hata mtumbwi na kila akiwaza kuvuka ziwa mwili unakufa ganzi. Kaombewa kanisani kwake hofu haijatoka, sasa wameanza kumwambia mtu aliyeokoka haogopi, kwamba hiyo hofu ndo ushahidi hana imani. Anauliza aiache ajira au afanyeje.

Mi nakujibu kama mtu niliyeliogopa ziwa hilo hilo miaka na miaka, tena nimezaliwa pembeni yake.

Nianze na hilo la kuambiwa huna imani maana limeniudhi. Mdau mmoja kakuwekea 1 Yohana 4:18, "pendo lililo kamili huitupa nje hofu", akaishia hapo. Angesoma mstari mmoja tu juu yake angekuta Yohana anaongelea ujasiri katika siku ya hukumu, yaani mtu kumwogopa Mungu kwa sababu ya adhabu. Haongelei mtu anayetetemeka kwenye gati la Mwanza Kaskazini. Mwingine kakupa 2 Timotheo 1:7, Mungu hakutupa roho ya woga, sawa kabisa sina ubishi nalo, lakini aliyeliandika ni Paulo yule yule aliyewaambia Wakorintho kwamba alikuwapo kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Ipo 1 Wakorintho 2:3. Matetemeko mengi, Paulo huyo! Na Bwana mwenyewe pale Gethsemane alifadhaika, akawaomba rafiki zake wakeshe naye, wakalala. Kwa hiyo anayekwambia Mkristo haogopi mwambie akasome tena, kwa heshima lakini.

Sasa ya kwangu.

Mi ni wa Kagera, kwetu ni upande wa Kemondo, na wakati MV Bukoba inazama nilikuwa shule ya msingi. Vijana wengi mnaisikia tu. Ile meli ilikuwa inatoka Bukoba, inapita Kemondo inapakia watu na mizigo, inakesha ziwani, asubuhi iko Mwanza. Usiku ule mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, alipandia Kemondo anaenda Mwanza kwa mume wake. Jumanne asubuhi tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa imeshakaribia, meli ikalala ubavu ikapinduka. Uwezo wake ulikuwa kama abiria 430, waliokuwemo walizidi hapo kwa mbali sana, na idadi ya waliokufa watu wanabishana mpaka leo kwa sababu daraja la tatu hawakuandikwa majina. Mzee Mkapa akatangaza maombolezo ya siku 3 nchi nzima.

Kwetu habari ilikuja kwa redio, RTD, halafu ikaanza kuja na watu, huyu kasema hivi yule kasema vile, watu wakashinda bandarini Bukoba wakisubiri sijui nini maana meli yenyewe ndo hiyo haipo. Lakini kilichonishika mimi haikuwa idadi. Ni maneno ya wakubwa waliokuwa wanaongea jikoni usiku wakidhani nimelala. Kwamba ilipopinduka haikuzama papo hapo, ilikaa juu chini, na ndani mlikuwa na watu walio hai wanagonga, walioko nje wanawasikia kabisa wanavyogonga. Wakatoboa ili wawatoe, hewa ikatoka, ikashuka yote.

Mtoto wa shule ya msingi ukiyasikia hayo hulali. Mimi nilikuwa nasikia kugonga. Mvua ikipiga bati nasikia kugonga.

Mama mdogo hakuonekana. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, wengine bila ndugu kuwatambua, huenda na yeye yumo, hatujui. Bibi akawa na msiba usio na kaburi. Ila nilimuona bibi yangu, Jumapili ile iliyofuata akavaa kanga zake akaenda kanisani, akakaa kiti chake kile kile cha siku zote, hakuimba lakini alikaa. Nilikuwa sielewi. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu kwa niaba ya bibi na yeye kaenda kumsalimia.

Nikakua, nikaenda VETA, nikawa fundi wa sola, nikahamia Mwanza. Sasa jiulize, fundi wa sola Mwanza kazi zake ziko wapi? Mjini kuna umeme. Kazi ziko visiwani, Ukerewe, Ukara, Irugwa, na kule Muleba visiwa vya Goziba na Bumbire, wavuvi na wenye maduka wanataka taa, wanataka friji ya kuhifadhi, zahanati zinataka kutunza chanjo. Wenzangu wanavuka wanarudi na hela, mimi nachagua za Magu na Misungwi. Nikipigiwa simu ya kisiwani nasema nimebanwa. Na kwenda kwetu Bukoba, enzi hizo daraja la Kigongo hadi Busisi halijajengwa, basi linaingia kwenye kivuko na abiria wote mnashushwa mnasimama kwenye kivuko kama kilomita tatu hivi za maji. Mimi nilikuwa nazungukia Shinyanga, Kahama, Runzewe, Biharamulo, siku nzima na vumbi lake, kukwepa hizo kilomita tatu. Mke wangu alivumilia sana. Watoto walikuwa wanajua baba anapenda Kahama.

Kuombewa nimeombewa. Kuna huduma moja shemeji alinipeleka, wakaniambia wameona ukoo wetu una agano na ziwa na hofu yangu ni majini wanadai chao. Hapo walinipata, maana sisi Wahaya kabla ya Ukristo wazee walikuwa na Mugasha, ndo mwenye ziwa na mwenye dhoruba, kila mtu wa kwetu kasikia habari zake, kwa hiyo nikasema kumbe! Nikafunga, nikapakwa mafuta, nikanunua na maji yao, nikalala chini nikapiga kelele. Sisemi kwamba hakuna ukombozi, mi mwenyewe nimeona watu wakifunguliwa. Nasema tu kwamba nilitoka pale nikaenda hadi Kamanga kuangalia kivuko na magoti yakagoma vile vile, na sasa nilikuwa na hofu mbili, ya maji na ya kwamba Mungu amenishindwa au mimi nimemshinda. Dada nadhani hapo ndipo ulipo wewe sasa hivi. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, itoe haraka.

Aliyenisaidia ni mchungaji mmoja mzee wa Kilutheri, mstaafu, nilienda kumfungia taa nyumbani kwake. Tukawa tunakunywa chai akaniuliza mbona mafundi wenzako nasikia wanajenga wewe bado umepanga, nikajikuta nimemwambia yote. Hakuniombea. Aliniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu: "Unaogopa nini hasa?" Nikasema maji. Akasema hapana, unaoga, unakunywa, unaogopa nini. Nikasema kufa. Akasema mbona bodaboda unapanda kila siku. Nikanyamaza weee, halafu nikasema naogopa kugonga na mtu asinisikie.

Nililitoa hivyo hivyo na nikaanza kulia mtu mzima mbele ya kikombe cha chai.

Mzee hakuharakisha. Akachukua Biblia yake akafungua Zaburi ya 130, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia. Bwana, uisikie sauti yangu." Akasema huyu aliyeandika hakuwa juu ya maji, alikuwa chini huko huko. Na Yona aliomba akiwa tumboni mwa samaki, chini kabisa, ameshazungukwa na magugu ya bahari kichwani, na akasikiwa. Halafu akaniambia: mwanangu, mama yako mdogo alisikika. Wale wote walisikika, kila aliyegonga. Kwa nini hawakutoka mimi sijui na sitakudanganya, ila kwamba hakuna aliyewasikia, hilo si kweli.

Sijui nikuelezeje. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta mtu aniambie kwamba meli yangu haitazama. Kila aliyeniombea aliniahidi hivyo, "hautazama kwa jina la Yesu", na kichwani mwangu kuna sauti inajibu: mama mdogo naye alikuwa anaimba kwaya, naye aliomba kabla ya kusafiri. Ile ahadi haikuwa inanishika kwa sababu nilikuwa na ushahidi wa kuipinga, ndani ya familia yangu mwenyewe. Mzee hakuniahidi meli. Aliniambia habari za Mungu anayesikia hata chini. Hiyo ndo niliweza kuikalia.

Nenda kasome Danieli 3 uone wale vijana watatu mbele ya tanuru. Wanamwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, na kisha wanasema, na kama si hivyo, bado hatutaiabudu sanamu yako. Wahubiri wengi wanapenda nusu ya kwanza. Mi nimeponea nusu ya pili.

Ndo maana nakuuliza na wewe, unaogopa nini hasa? Usinijibu maji. Wapo wanaoogopa kuacha watoto, wapo wanaoogopa aibu ya kutapika mbele za watu, mwingine haogopi ziwa kabisa anaogopa kukaa mbali na mama yake na ziwa ndo limebeba lawama. Ukishalijua lenyewe, peleka hilo kwa Mungu kwa jina lake. Maombi ya "Bwana niondolee hofu" ni mapana mno, mimi yalinipita hewani.

Baada ya hapo hofu ilitoka? Haikutoka. Hapa ndo nitakwaza watu ila ndo ukweli. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa na kitu cha kushika wakati hofu iko. Yule mzee akasema Jumamosi twende Kigongo. Tukaenda, na dala dala, siku ya kwanza hatukuvuka, tulikaa kwa mama lishe tukala sato tukaangalia kivuko kinaenda kinarudi. Akawa ananionyesha wale akina mama wenye ndoo za dagaa, wale wanafunzi. Safari nyingine tukavuka. Alinishika mkono kama mtoto, sikuona aibu. Akanifundisha Zaburi 56:3, ni mstari mfupi sana, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", unavuta pumzi kwenye nusu moja, unatoa kwenye nusu nyingine, polepole. Daudi anasema hayo Wafilisti wamemkamata kule Gathi, na angalia anavyosema, siku ya hofu yangu, maana yake siku hiyo hofu ipo na tumaini lipo, vyote viko siku moja. Hakusubiri moja iondoke.

Katikati ya maji nikasikia kugonga, ni injini tu, nikajua ni injini na bado nikajiona mdogo wa shule ya msingi. Mzee akaniambia ongea na Bwana. Nilisema neno la Petro lile la Mathayo 14, "Bwana, niokoe." Basi. Petro alikuwa mvuvi, mtu wa maji tangu utoto, na alipoanza kuzama hakuhubiri wala hakukemea, alipiga yowe, na Yesu akanyosha mkono mara hiyo hiyo. Maswali ya imani haba aliulizwa akiwa ameshashikwa. Huo mpangilio naupenda sana.

Nilivuka Kigongo mpaka nikaizoea, halafu Kamanga, halafu siku moja Nansio, mji wa Ukerewe, masaa kama matatu hivi, nikiwa nimekaa juu kwenye upepo, na paneli zangu. Nikaanza kupata kazi.

Halafu ikaja 2018. Tarehe 20 Septemba, Alhamisi, siku ya gulio Bugolora huko Ukerewe, kivuko cha MV Nyerere kikitoka hapo kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika kisiwa cha Ukara. Kivuko cha watu 101, waliokufa walipita 220. Mimi Bugolora nilikuwa nimeshafika kikazi, kuna watu pale nawajua kwa sura. Yote yakarudi. Nikatupa kila kitu nikarudi Magu na Misungwi. Siku mbili baada ya ajali wazamiaji wakamtoa fundi mitambo wa kile kivuko akiwa hai, alijibanza huko chini kwenye upande wa injini palipobaki na hewa. Watu wakasema muujiza, na ni muujiza kweli, lakini mimi niliumia, nikasema kwa nini huyu na si wa kwetu wa 96. Nikamwambia Mungu hivyo hivyo, kwa hasira, gizani sebuleni. Sikupata jibu la sababu. Ila niligundua kitu, kwamba nilikuwa naongea naye. Zamani nikiogopa nilikuwa namkimbia.

Muda ukapita, ikaja kazi Ukara kwenyewe. Nilienda. Sikuwa shujaa, mikono ilikuwa inatoa jasho hata simu haikubali kidole. Nilienda nikiwa naogopa, nikafanya kazi, nikalala huko, nikarudi.

Jambo jingine ambalo lazima niliseme maana naona kuna mtu kakwambia ukiwa na imani boya la nini. Dada usimsikilize huyo! Soma Matendo 27 yote kwa utulivu, ni safari ya meli mwanzo mwisho. Watu 276 ndani, dhoruba siku 14. Malaika ameshamtokea Paulo usiku kamwambia hakuna atakayepotea hata mmoja, meli tu ndo itapotea. Ahadi anayo mkononi. Sasa usiku mabaharia wanashusha mtumbwi wa meli kijanja, wanajifanya wanaenda kutia nanga kumbe wanataka kutoroka. Paulo anafanya nini? Anamwambia akida, hawa wasipobaki ndani ya meli ninyi hamwezi kuokoka. Yaani malaika kasema, na bado mabaharia wanahitajika. Halafu akawahimiza wote wale chakula wapate nguvu. Wakafika nchi kavu wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya meli. Hizo mbao ndo maboya yao.

Kwa hiyo mimi nikiingia kwenye chombo naangalia maboya yako wapi na kama yanafunguka au yamefungiwa kwa kufuli. Mtumbwi wa injini ukijaza kupita kiasi nashuka, wakinicheka wacheke, nauli nawaachia. Ile ya 1996 na ile ya 2018 zote chombo kilibeba kuliko uwezo wake, hakuna pepo hapo, ni uzito. Kuna hofu ambayo Mungu amekupa ikulinde, usiifukuze hiyo.

Na usidhani ukikwepa ziwa umekwepa kila kitu. Jamaa yangu mmoja alikuwa ananiambia we mtu wa ajabu, si upande ndege tu uende kwenu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ikaanguka ziwani pale pale karibu na uwanja wa Bukoba, kati ya watu 43 wakafa 19, na waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao. Yule jamaa hakuniambia tena habari za ndege.

Kuhusu Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4, najua utahubiriwa sana hiyo. Mi huwa nacheka kidogo, kile wanachokiita bahari ya Galilaya ni ziwa, lina urefu wa kilomita 21 hivi, eneo lake kama kilomita za mraba 166. Letu ni 68,800. Galilaya zinaingia humo zaidi ya 400! Ila liko chini kuliko usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, upepo ukishuka unashuka ghafla, wale walikuwa na sababu ya kuogopa na baadhi yao walikuwa wavuvi wazoefu. Kitu ninachokishika pale ni swali lao, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Ni kile kile changu, hutusikii? Na yeye alikuwepo ndani ya chombo hicho hicho, amelala kwenye shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, maji yanaingia kwake kama yanavyoingia kwao. Aliamka. Alikuwa na neno la kuwaambia kuhusu imani yao, ni kweli, lakini upepo aliukemea kwanza. Na mwisho wa habari hawakusema sasa hatuogopi, Marko anasema waliingiwa na hofu kuu, wakaulizana ni nani huyu hata upepo na bahari humtii. Mtu wa kwetu aliyelelewa akisikia habari za Mugasha mwenye ziwa anaelewa uzito wa hilo swali.

Haya, mambo ya safari sasa. Kwanza usiandike barua ya kukataa kituo kabla hujaliona ziwa lenyewe kwa macho, maana mpaka sasa unaogopa ziwa la kwenye video. Na hizo video za ajali acha kuzitazama usiku, zifute kabisa. Si lazima upande meli ya Mwanza kwenda Nansio, unaweza kuzungukia Bunda kwa gari mpaka Kisorya, pale unavuka kwa kivuko kwenda Rugezi, maji ni kidogo sana ukilinganisha. Anzia huko. Vuka mchana, ziwa letu radi na dhoruba zake nyingi ni usiku kuelekea alfajiri. Kaa juu, mimi mpaka leo sikai chini wala sijaribu, Mungu hajaniambia nikae chini. Usiende peke yako mara ya kwanza, Yesu mwenyewe alitaka watu wa kukesha naye, mwambie mchungaji wako badala ya kukuombea tena akusindikize, utajua na upendo wake hapo hapo. Na kama unakosa usingizi wiki nzima, moyo unadunda bila sababu hata ukiwa jikoni, nenda hospitali ukaongee na daktari, wapo wanaoshughulika na hayo na si dhambi, Luka alikuwa daktari na Paulo alisafiri naye kwenye ile ile meli.

Ile ajira usiiache bado. Ukishafika Kisorya ukaliona, ukakaa hata na mama lishe pale, ukiona kabisa haiwezekani basi rudi kwa afisa elimu uombe kubadilishiwa, hakuna atakayekufukuza ufalme wa mbinguni kwa hilo.

Umesema unatakiwa kuripoti mwanzo wa mwezi. Dada wa mke wangu anafundisha huko Nansio, nimeshaongea naye jana usiku kasema hana shida, anaweza hata kuja kukupokea Rugezi mkashika usafiri pamoja. Nifuate PM nikupe namba yake, hapa siweki. Na uje na sweta, asubuhi kule kuna baridi ya upepo, watu wa Dodoma mnadhani mnaijua baridi.